Kwa nini kufunga usukani hugharimu kuliko usukani wenyewe

Malalamiko ni yale yale. Mteja amejinunulia usukani wa baiskeli, ameuleta mkononi, anategemea kazi ya nusu saa. Anapopewa makadirio yanayozidi bei ya usukani wenyewe anahisi ameibiwa, kwa sababu anachokiona ni bomba moja lililopindwa na bolti nne za kulikaza. Wa karibuni alitaka usukani wa mbio, ule unaojikunja kwenda chini, ufungwe kwenye baiskeli iliyotoka kiwandani na usukani ulionyooka, breki za V (zenye mikono miwili inayobana rimu) na gia nane. Usukani wake ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba kwenye baiskeli ile hakukuwa na kifaa hata kimoja ambacho kingekubaliana nao.

Usukani hushikwa na stemu, ile shingo inayouunganisha na foku. Nao hubeba mikono ya breki, shifta za gia, gripu, kengele na taa. Kila kimoja kina kipimo chake, na vipimo hivyo havikupangwa na mtu mmoja. Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo tunatoa venia, kile kifaa cha kupimia kipenyo, na kupima.

Tunaanza katikati, pale stemu inapobana. Sukani nyingi zina kipenyo cha milimita 25.4, 26.0, 31.8 au 35. Hizo mbili za mwisho utazitofautisha kwa macho. Mbili za mwanzo hapana: zinapishana kwa milimita 0.6 tu, na 0.6 hiyo ndiyo inayoharibu vitu. Usukani wa 25.4 kwenye stemu ya 26.0 huingia kwa raha, hukazwa, huonekana umekaa. Siku unapoteremka mlima na kufunga breki ya mbele, uzito wote wa kiwiliwili unaegemea mikononi, na usukani unazunguka ndani ya stemu. Kinyume chake, usukani wa 26.0 kwenye stemu ya 25.4 hauingii, mpaka mtu apanue taya za stemu kwa bisibisi. Stemu iliyopanuliwa hivyo imeshaanza kufa. Ufa huanzia nyuma ya taya, mahali usipotazama.

Njia ya mkato ambayo watu huipenda kuliko zote ni kukata kipande cha kopo la soda na kukizungushia usukani. Tumezifungua stemu nyingi zenye vipande hivyo, na hali huwa ile ile: bati limejikunja upande mmoja, limekwaruza usukani upande mwingine, na bolti zimekazwa mno ili kunyamazisha mlio. Stemu inashika kwa msuguano wa uso mzima. Bati la kopo hugusa hapa na pale tu. Mkwaruzo unaozunguka bomba la alumini ndio mahali ufa unapozaliwa, na alumini haina tabia ya kupinda polepole ikakuonya kama chuma. Huchoka kimyakimya, kisha hukatika. Usukani uliokatika ukiwa kwenye mwendo hauna namna ya kuokolewa. Bushi halisi ya kupunguza kipenyo ipo, kwa mfano ya kutoka 31.8 hadi 25.4: ni ganda gumu la alumini, pana sawa na taya za stemu. Hilo tunalifunga bila wasiwasi. La kopo hatufungi, hata mteja akisema atabeba lawama.

Stemu za zamani zenye bolti moja, zile za kuchomeka ndani ya bomba la foku, zina jambo jingine. Hazifunguki mbele. Usukani lazima upenyezwe kuanzia ncha, kona baada ya kona, na usukani wenye kona kali haupiti kabisa. Hapo stemu lazima ibadilishwe. Na ukitaka kuinua stemu ya aina hiyo ili ukae wima zaidi, kuna mstari wa mwisho uliochorwa ubavuni mwake. Mstari ukionekana juu ya bomba, imeinuliwa kupita kiasi na inaweza kung'oka au kupasua bomba la foku.

Kipimo cha pili ni pale mikono inaposhika. Sukani zilizonyooka, za kurudi nyuma (ncha zake humwelekea mwendeshaji) na za kipepeo (zilizojikunja kama mabawa) huwa na milimita 22.2. Za mbio huwa 23.8. Mikono ya breki na shifta za usukani ulionyooka hazivai kwenye 23.8, na ukizilazimisha kwa kupanua kishikio chake zitapasuka. Ndiyo maana kutoka usukani ulionyooka kwenda wa mbio unanunua mikono mipya ya breki na shifta mpya, hakuna ujanja.

Baada ya hapo linakuja suala ambalo wauzaji wengi hawalisemi: mkono wa breki unavuta waya kiasi gani. Breki za V zina mikono mirefu na zinahitaji waya mwingi uvutwe. Mikono ya kawaida ya usukani wa mbio huvuta waya kidogo, kwa kuwa ilitengenezewa kalipa na kantileva, aina nyingine za breki za rimu. Ukivichanganya, mkono wa breki unagonga usukani kabla gurudumu halijasimama. Wapo wanaojaribu kuponya hilo kwa kusogeza raba za breki karibu kabisa na rimu. Inafanya kazi siku chache. Rimu ikipinda kidogo inaanza kusugua, na raba zikilika kidogo mkono unarudi kugonga usukani, tena mara nyingi wakati wa mvua. Suluhisho halali ni matatu: mikono ya usukani wa mbio iliyotengenezwa mahsusi kwa breki za V, au breki fupi za V zenye mikono ya milimita 80 hadi 85, au kile kigurudumu kidogo cha kuongeza mvuto wa waya. Breki za mafuta ni habari nyingine kabisa. Huko mkono na kalipa lazima viendane, mrija mara nyingi hubadilishwa, na mfumo mzima unatolewa hewa upya. Bili ya kazi hiyo huwashtua watu, lakini hakuna hatua ya kuruka.

Kwa upande wa gia, shifta za barabarani na za milimani za kampuni ya Shimano zinavuta waya sawa kwa kihamisha cheni cha nyuma hadi mfumo wa gia 9. Kuanzia 10 hazielewani. Anayetaka usukani wa mbio kwa safari ndefu bila kubadilisha nusu ya baiskeli anaweza kutumia shifta za kuchomeka kwenye ncha za usukani. Zile zisizobofya, ambazo unatafuta gia kwa hisia ya mkono, hukubaliana na karibu kila kitu, na mtu huzizoea haraka kuliko anavyodhani.

Hata vifaa vikikubali, fremu inaweza kukataa. Fremu iliyobuniwa kwa usukani ulionyooka kwa kawaida ina bomba la juu refu zaidi. Usukani wa mbio nao husogeza mikono mbele: mkunjo wake peke yake ni milimita 70 hadi 90, na mikono ya breki huongeza hapo. Stemu fupi hurudisha sehemu tu ya umbali huo. Matokeo ni mwendeshaji aliyelala kwenye usukani, shingo inamuuma, na sehemu ya chini aliyoilipia hajawahi kuishika. Kwa baiskeli kama hiyo ushauri wetu ni kuachana na wazo hilo, na tunausema ingawa tungeuza vifaa vingi zaidi kwa kunyamaza.

Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, usukani wa kurudi nyuma ndio jibu mara nyingi. Ukinyoosha mkono mbele yako kama unayetaka kushika kikombe, viganja hutazamana; haviangalii chini. Usukani ulionyooka hulazimisha kifundo cha mkono kupinda upande. Ganzi ya kidole cha mwisho na kinachokifuata ni mshipa wa fahamu unaobanwa chini ya kiganja, na gripu nene zaidi peke yake haitoshi kuiondoa ikiwa uzito umeegemea mahali pale pale. Usukani unaorudi nyuma hugeuza kiganja na kuinua kiwiliwili. Vifaa vya 22.2 vinahama vyote, hivyo gharama ni ndogo.

Lakini mikono ikirudi nyuma, uzito unahamia kwenye siti. Siti nyembamba iliyokufaa ukiwa umeinama itaanza kukuumiza. Na stemu ikibaki ile ile, kwenye kona kali ncha ya usukani hugonga goti, kwa hiyo stemu ndefu zaidi huhitajika. Kupanda mlima ukiwa umesimama kutakuwa kugumu pia. Kama njia yako ina milima mingi, uliza kwanza ule unaorudi nyuma kidogo tu.

Kwa safari za siku nyingi zenye mizigo, usukani wa kipepeo una thamani kubwa kuliko sifa unazopewa. Huchukua mikono ya breki na shifta ulizonazo, huwa 25.4 katikati, na una mahali pengi pa kushika: nyuma, kwenye kona, pembeni, mbele. Kinachotibu mikono kwenye safari ndefu ni kubadilisha mahali, kuliko umbo lolote moja. Kosa linalorudiwa ni kuufunga kwa stemu ya zamani na kuulaza sawa na ardhi. Sehemu zenye breki zinakuja kifuani na mwendeshaji anajikunja. Stemu ndefu kidogo, na usukani ulioinamishwa kidogo, hubadilisha kila kitu. Tunaujaribu bila utepe (ule unaozungushiwa usukani badala ya gripu) kwanza, mteja akiwa amekaa juu. Na utepe: jozi ya kawaida ilipimwa kwa usukani wa mbio, hivyo kipepeo kizima kinataka jozi mbili.

Kama shida yako ni ganzi tu, na mwendo wako ni mfupi, anza na pembe za kufunga kwenye ncha za usukani ulionao. Zinataka milimita 15 hadi 20 kila upande, kwa hiyo gripu na mikono ya breki husogezwa ndani. Usizifunge kwenye usukani wa kaboni ambao mtengenezaji hakuuruhusu. Kazi ni ndogo na wengi hawakuhitaji zaidi.

Sasa nyaya, ambazo ndizo wateja hupenda kuzifuta kwenye bili. "Zile za zamani bado nzima." Huenda ni nzima, ila urefu wake ulikatwa kwa usukani mwingine. Ganda, ule mrija ambamo waya hupita, likiwa fupi, ukikata kona linavutwa, na breki inajifunga au gia inaruka yenyewe. Likiwa refu linafanya kitanzi, msuguano unaongezeka na mkono wa breki haurudi. Tunazungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, ndipo tunakata. Na waya uliokwisha kubanwa na bolti una nyuzi zilizopondeka; ukiufungua na kuubana mahali pengine, nyuzi huanza kukatika moja moja.

Hapa tunaomba kwa dhati: usitumie ganda la gia kwenye breki. La gia lina nyuzi zilizolala kwa urefu. La breki lina waya uliojizungusha kama springi. Kwa nje yanafanana. Ukibana breki kwa nguvu, ganda la gia linaweza kupasuka, na breki inakwisha hapo hapo.

Ukifunga mwenyewe, pakaa grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti, usipake pale stemu inapobana usukani. Kaza bolti nne kwa msalaba, kila moja robo mzunguko kwa zamu, mpaka uwazi wa juu na wa chini ulingane. Nguvu iliyoandikwa kwenye stemu ndiyo ya kufuata; bolti za milimita 5 mara nyingi ni nyutoni-mita 4 hadi 6. Gripu huvalishwa kwa spiriti, ambayo hukauka. Ukitumia mafuta, gripu itazunguka mkononi milele. Usukani mpana ukihitaji kupunguzwa, kata milimita 5 kila upande, endesha wiki, kisha amua tena. Piga tupa ncha na ziba kwa vizibo: bomba wazi hukata mwili kama kisu mtu akianguka.

Kwa hiyo bili ina usukani, stemu ikilazimika, nyaya nne na maganda yake, vifuniko vya ncha, utepe au gripu, na saa mbili hadi tatu za kazi, zaidi kwa usukani wa mbio. Hatupunguzi kwa kuacha nyaya.

Kabla ya kununua, tutumie picha tatu: stemu kwa mbele, breki ya nyuma, na shifta. Tutakujibu ni sukani zipi zinaingia bila kubadilisha kingine. Na ukishafungiwa, rudi baada ya kilomita kama 100. Maganda mapya hujikandamiza na waya hulegea, na bolti za stemu tunazikagua tena siku hiyo hiyo. Hilo limo ndani ya bei ya kwanza.