Kwa Nini Muhuri Hupotea Ukisafisha Picha ya Barua, na Sharti Moja Linavyouokoa

Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji ina vitu vitatu: karatasi, maandishi meusi na muhuri. Mwombaji wa ajira au wa mkopo wa chuo huipiga picha kwa simu, akaipitisha kwenye programu ya kusafisha nyaraka, akapata maandishi safi juu ya karatasi nyeupe pe. Muhuri sasa. Umebaki nusu duara, au haupo kabisa. Barua ya namna hiyo hurudishwa, na mtu wa Chunya au Kyela hulazimika kupanda gari upya kwa ajili ya kitu kilichokuwepo tangu mwanzo.

Hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, tunasafisha nyaraka za aina hii na pia tunafundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa wanaoanza, na zoezi hili ndilo tunalolipenda kuliko yote kufundishia masharti, yaani maagizo ya "ikiwa hivi, fanya vile". Kosa lake linaonekana kwa macho, na dawa yake ni mistari michache ambayo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuiandika.

Kompyuta haijui muhuri ni nini. Inajua pikseli, vile vinukta vya rangi vinavyounda picha, na kila pikseli ni namba tatu: nyekundu (`r`), kijani (`g`) na bluu (`b`), kila moja kati ya 0 na 255. Sifuri tatu ni nyeusi tii. 255 tatu ni nyeupe. Kwa hiyo kabla ya kuandika msimbo wowote, pima kwanza. Fungua picha kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, chukua kile chombo chenye alama ya bomba la kudondoshea dawa, kisha bofya sehemu mbalimbali za barua uandike namba unazoziona. Barua iliyopigwa picha karibu na dirisha inaweza kukupa hivi:

Karatasi penye mwanga: 214, 203, 178
Karatasi penye kivuli: 132, 124, 110
Herufi: 58, 54, 52
Muhuri uliokolea: 92, 104, 168
Muhuri uliofifia: 150, 160, 205

Namba zako zitakuwa tofauti na hizi, ndiyo maana tunasisitiza kupima. Anayenakili viwango vya mtu mwingine bila kupima picha yake anabahatisha.

Mwanga wa pikseli hupatikana kwa kuzichanganya namba tatu kwa uzito usiolingana: nyekundu mara 299, kijani mara 587, bluu mara 114, jumla igawanywe kwa 1000. Kijani kinabeba uzito mkubwa kwa sababu jicho la binadamu linahisi mwanga wake zaidi. Kwa hesabu hiyo karatasi penye mwanga inapata 203, herufi 54, muhuri uliokolea 107, na muhuri uliofifia 162.

Sasa chukua sharti ambalo wengi huanza nalo: mwanga ukizidi 150 weka nyeupe, la sivyo weka nyeusi. Muhuri uliofifia una 162, basi unafutika. Uliokolea una 107, basi unageuka mweusi na kuchanganyika na herufi zilizo chini yake. Programu imetii ulichoiambia. Ulichosahau ni kuiuliza kuhusu rangi, na kuiuliza mapema:

```
from PIL import Image, ImageOps

picha = Image.open("barua.jpg")
picha = ImageOps.exif_transpose(picha).convert("RGB")
picha.thumbnail((1654, 2339))
upana, urefu = picha.size
px = picha.load()

for y in range(urefu):
    for x in range(upana):
        r, g, b = px[x, y]
        mwanga = (r * 299 + g * 587 + b * 114) // 1000
        if b - r > 40 and b - g > 20:
            px[x, y] = (30, 50, 160)
        elif mwanga > 150:
            px[x, y] = (255, 255, 255)
        else:
            px[x, y] = (0, 0, 0)

picha.save("barua_safi.png")
```

Kama Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha (ndiyo hiyo `PIL`), haimo kwenye kompyuta yako, andika `pip install pillow` kwanza kwenye dirisha la amri. Mstari wa `exif_transpose` unanyoosha picha za simu ambazo hufunguka zikiwa zimelala. Ule wa `thumbnail` unaipunguza picha iingie kwenye ukubwa wa A4 kwa nukta 200 kwa inchi. Picha ya simu ya 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na kuzipitia moja moja ni kujisubirisha bure.

Roho ya programu hii ni mpangilio wa masharti. Python husoma `if` ("ikiwa") kisha `elif` ("la sivyo, ikiwa") kutoka juu kwenda chini, na sharti la kwanza kuwa kweli ndilo linaloamua. Yaliyo chini yake hayaguswi kwa pikseli hiyo. Ule muhuri uliofifia, bluu yake inaizidi nyekundu kwa 55 na kijani kwa 45. Unalipita sharti la kwanza, unapakwa bluu, na suala la mwanga wake haliulizwi tena. Geuza mpangilio, tanguliza mwanga, na pikseli hiyohiyo inaangukia nyeupe kabla rangi yake haijatazamwa. Msimbo ni uleule, namba ni zilezile, muhuri umekwenda. Sharti jembamba, linalochagua pikseli chache, litangulie. Sharti pana lifuate.

Kiwango cha 40 nacho si sheria. Kwenye ukingo wa muhuri kuna pikseli kama 150, 158, 190: tofauti ya bluu na nyekundu ni 40 kamili, na 40 haizidi 40. Mwanga wake ni 159, kwa hiyo inakuwa nyeupe na duara linaonekana limeliwa. Kishushe kiwango hadi 30 uone. Ukikishusha mno, karatasi yenyewe inaanza kupata madoa ya bluu, hasa kama barua ilipigwa picha nje, kivulini, siku ya anga safi, kwa sababu mwanga unaofika kivulini unatoka angani nao una ubluu. Muhuri wa zambarau una nyekundu nyingi, kwa hiyo upime kwa `b - g` peke yake. Mwekundu unataka `r - g > 50 and r - b > 40`.

Tatizo la pili ni kivuli cha mkono au cha simu yenyewe. Ile karatasi ya kivulini ina mwanga wa 124, chini ya 150, kwa hiyo kona nzima inakuwa nyeusi tii pamoja na maandishi yaliyomo. Usikimbilie kushusha kiwango kwa picha nzima. Maandishi yaliyofifia penye mwanga yatapotea. Linganisha kila pikseli na wastani wa majirani zake. Ongeza `ImageFilter` kwenye mstari wa kwanza, kisha kabla ya mstari wa kwanza wa `for` weka:

```
wastani = picha.convert("L").filter(ImageFilter.BoxBlur(25)).load()
```

na sharti la pili libadilike kuwa `elif mwanga > wastani[x, y] - 12`. Namba 25 inachukua mraba wa pikseli 51 kwa 51. Kivulini majirani nao wana giza, kwa hiyo karatasi inabaki karatasi, na herufi, iliyo nyeusi kuliko majirani, inabaki herufi. Ukiweka 3 badala ya 25, vichwa vya habari vyenye herufi nene vitatoboka katikati, kwa sababu ndani ya herufi majirani wote ni weusi. Madoa ya unyevu, ambayo nyaraka za upande wa Rungwe huja nayo mara kwa mara, huondoka vizuri kwa njia hii. Mkunjo mkali wa karatasi hauondoki. Unabaki mstari mweusi.

Kosa lingine la wanaoanza halileti ujumbe wowote wa hitilafu, ndiyo maana linasumbua. Mtu anataka kujua kama namba zote tatu zinazidi 200, anaandika `if r and g and b > 200`. Python inaielewa hivi: r si sifuri, g si sifuri, na b inazidi 200. Nyekundu na kijani hazijapimwa. Andika `r > 200 and g > 200 and b > 200`, au `min(r, g, b) > 200`. Na usitafute rangi kwa `==`, yaani "sawa kabisa na". Picha ya JPEG hubanwa kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kubanwa huko huzisogeza namba kidogo kila mahali. Ukuta unaouona wa rangi moja una mamia ya rangi zinazokaribiana. Ndiyo sababu pia matokeo tunayahifadhi kama PNG, ambayo hubana bila kuzibadili namba.

Wateja wa picha za pasipoti huuliza kama njia hii inafaa kubadilisha rangi ya nyuma. Kwa milimita 35 kwa 45 na nukta 300 kwa inchi, picha ni pikseli 413 kwa 531, ndogo, inamalizika mara moja. Lakini sharti la "kilicho cheupe kigeuke bluu" litageuza na shati la shule, meno na weupe wa macho. Pigeni picha mbele ya kitambaa cha kijani au bluu ambacho rangi yake haipo kwenye nguo, ndipo sharti lipate cha kutofautisha. Kuangaza uso kwa sharti ndiko tunakokataza kabisa. Ukisema chini ya 90 ongeza 30, basi 89 inakuwa 119 huku jirani yake wa 90 anabaki 90, na ngozi nyeusi nzuri inatoka na mabaka. Kosa ni la mwanga, si la ngozi. Sogea dirishani, piga upya.

Ukitutumia barua kwa WhatsApp itume kama dokyumenti, si kama picha, ili isibanwe ikapoteza ukingo wa muhuri. Ilaze mezani, usiishike mkononi, na izungukwe na nafasi kidogo pande zote. Tunasafisha karatasi, kivuli na madoa tu. Jina, tarehe, alama za cheti na muhuri ambao haukuwepo hatuvigusi, na kama muhuri umefifia kiasi kwamba namba zake hazitofautiani tena na za karatasi, tutakuambia urudi kwa mtendaji akugongee mwingine.