Vioo vya mbele vibaki vyeupe, na tinti ipimwe kwa kipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo madereva wa Nyanda za Juu Kusini wanabishana kila siku vijiweni, kwenye karakana na mbele ya askari wa usalama barabarani, nalo ni tinti ya vioo vya magari, yaani ile plastiki nyembamba ya kuchuja mwanga inayobandikwa kwenye kioo. Mimi ni fundi wa vioo vya magari hapa Mbeya. Kubandika na kubandua tinti ni sehemu ya kazi inayonilisha, kwa hiyo ninayoyasema hayatoki kwa mtu anayeichukia biashara hii. Hoja yangu ni kwamba kioo kikubwa cha mbele na vioo vya milango miwili ya mbele havipaswi kubandikwa tinti ya giza hata kidogo, kwamba vioo vya nyuma vilivyotoka kiwandani na rangi yake viachwe kama vilivyo, na kwamba anayeamua ni gari lipi limevuka mpaka afanye hivyo kwa kipimo, si kwa kukadiria kwa macho.

Tinti huuzwa kwa asilimia ya mwanga unaopita. Roli ya 50 hupitisha nusu ya mwanga, ya 20 hupitisha sehemu moja kati ya tano, na ya 5 ni giza karibu kamili. Wateja wengi hudhani kwamba wakibandika tinti ya 50, basi gari lao litapitisha asilimia 50, jambo ambalo si kweli, kwa sababu kioo chenyewe, kabla hakijaguswa na fundi, hupitisha takriban asilimia 75 hadi 80 tu, na tinti inakuja kuchuja kile kilichobaki. Kioo kinachopitisha 75 kikibandikwa tinti ya 50, mwanga unaomfikia dereva ni kama asilimia 37. Kikibandikwa ya 35 inabaki 26, na kikibandikwa ya 20 inabaki 15. Hata tinti ya 70, ile ambayo wauzaji huisifu kuwa ni nyepesi mno, huushusha mwanga wa kioo hicho hadi kati ya 52 na 53.

Namba hizo zipate maana kwa kuzilinganisha na za wenzetu. Japani, ambako yametoka magari mengi tunayoyaendesha, inataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70. Uingereza inataka asilimia 75 kwa kioo cha mbele na 70 kwa vioo vya milango ya mbele, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1985, lakini vioo vya nyuma ya dereva haikuviwekea kiwango. Kwa hiyo gari lililotengenezwa likakidhi masharti ya kwao linaweza kufika hapa, likapita kwa fundi mmoja kwa muda wa saa moja, na likatoka likiwa limepoteza nusu ya mwanga ambao mtengenezaji alimwachia dereva. Mteja hulipia kazi hiyo kwa hiari yake, na mara nyingi hakuna aliyemweleza hesabu hiyo.

Wako watakaosema kwamba mchana kuna mwanga wa kutosha. Pengine hivyo ndivyo ilivyo huko pwani, lakini huku kwetu mchana si lazima uwe na mwanga. Anayetoka Uyole kwenda Tukuyu kupitia Isyonje na Kiwira anajua kwamba saa nne asubuhi inaweza kumkuta akiwa ndani ya ukungu mzito, na wenzetu wa Mufindi na Njombe wana ukungu wao wanaoujua vizuri kuliko mimi. Tinti haiongezi ukungu, lakini jicho likikosa mwanga hupoteza mapema uwezo wa kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana, na ukungu umekwisha kuvifanya vitu vyote vikaribiane rangi. Mama aliyevaa koti la kijivu akiwa na mzigo wa viazi kando ya barabara, baiskeli isiyo na taa na ng'ombe aliyekatika kamba ndivyo vitu vya kwanza kupotea machoni pa dereva. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, husafiri karibu mita 14 kwa kila sekunde, kwa hiyo dereva aliyechelewa kuona kwa sekunde moja tu anakuwa amezila mita zote hizo kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Na umri nao una sehemu yake, kwa sababu mboni ya jicho la mtu mzima haifunguki gizani kama ya kijana, na sisi tuliovuka miaka hamsini tunahitaji mwanga zaidi ili kuona kitu kilekile.

Hatari hiyo haimhusu dereva peke yake. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita katikati ya mji wetu ikiwa imejaa malori, na watu huvuka Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati kwa kumtazama dereva usoni wajue kama amewaona. Bodaboda na bajaji nao hupishana na magari kwa kutazamana hivyohivyo. Kioo cha mlango wa dereva kikiwa cheusi, anayevuka hana la kusoma, naye hubaki kubahatisha. Pia gari dogo lenye vioo vyeupe humwezesha dereva wa nyuma kuona kupitia ndani yake taa za breki za lori lililo mbele zaidi, jambo ambalo kwenye mteremko kama wa Iwambi au wa Kitonga lina thamani kubwa.

Nawaheshimu wanaobandika tinti kwa sababu ya jua, maana jua la huku si la kudharauliwa. Mionzi ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda juu, na mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700. Baridi yetu huwadanganya watu wakadhani jua halipo. Lakini mionzi hiyo haizuiwi na weusi wa tinti. Kioo kikubwa cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zenye plastiki katikati, na plastiki hiyo tayari huzuia karibu mionzi yote ya aina hiyo. Vioo vya milangoni kwa kawaida havina plastiki, lakini zipo tinti nyeupe kabisa, unazoweza kuzibandika zisijulikane kama zipo, ambazo huzuia karibu asilimia 99 ya mionzi inayochoma ngozi. Kuhusu joto, takriban nusu ya nguvu ya jua huja kwa mionzi isiyoonekana kwa macho, na zipo tinti za kauri zinazoizuia mionzi hiyo huku zikiacha mwanga wa kuonea upite. Tinti nyeusi ya bei rahisi, iliyotiwa rangi tu, hunyonya joto, ikakipasha kioo moto, na baada ya muda hugeuka zambarau na kufanya mapovu.

Nawafikiria kwa namna ya pekee ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua kwao ni suala la uhai na ambao macho yao huumizwa na mwanga mkali. Hao wapewe nafasi ya wazi katika kanuni: tinti nyeupe ya kuzuia mionzi kwenye vioo vyote ya kiwango kisichoshusha mwanga chini ya mpaka uliowekwa, na kwa abiria anayekaa nyuma, kivuli cha kutosha bila kubughudhiwa njiani. Cheti cha daktari kingetosha kuliko mabishano ya kila kizuizi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, ndiyo inayosimamia mambo ya magari barabarani, na askari wana wajibu wa kuondoa barabarani gari linalohatarisha watu. Siwapingi katika hilo. Ninachoomba ni kwamba kiwango kinachotumika kitajwe kwa namba, kibandikwe kwenye mbao za matangazo za vituo vya polisi na kwenye karakana zetu, na kipimwe. Kipima mwanga ni kifaa kidogo kinachoshikika mkononi, chenye vipande viwili, kimoja upande wa ndani wa kioo na kingine upande wa nje. Kipande kimoja hutoa mwanga, kingine huupokea na kuandika asilimia iliyopita. Mteja anapojaza mafuta haamini macho ya muuzaji, bali pampu iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na sioni kwa nini kifaa kinachoweza kumpatia mwenye gari faini kisihakikiwe na Wakala huohuo. Kioo kinachopitisha asilimia 68 na kinachopitisha 72 havitofautishwi na jicho la mtu yeyote aliyesimama juani, hata la kwangu mimi ninayevishika kila siku.

Kukagua kwa makini badala ya kukadiria kungemaliza pia ugomvi wa vioo vya nyuma. Magari mengi ya familia kutoka Japani, kama Toyota Noah, hufika yakiwa na vioo vya nyuma vyeusi ambavyo rangi yake imechanganywa kwenye kioo chenyewe wakati wa kukiyeyusha. Hapo hakuna cha kubandua. Nimewahi kuletewa gari ambalo mwenyewe aliamriwa njiani aondoe tinti ya nyuma, akakwangua kwa kisu mpaka kioo kikajaa michirizi, na tinti yenyewe haikuwepo. Kutofautisha ni rahisi: teremsha kioo kidogo na utazame ukingo wake wa juu. Tinti ya kubandika huishia milimita chache kabla ya ukingo, na ukucha ukipitishwa kwa upande wa ndani huisikia ngazi yake. Kioo cha kiwandani hakina ngazi.

Kwa wale ambao wanapaswa kuondoa, nawasihi wasikubali kufanya hivyo kando ya barabara kwa kiwembe. Kazi hii inataka joto na subira. Tinti ni plastiki iliyobandikwa kwa gundi upande wa ndani wa kioo, na gundi ikipata joto hulainika na kuondoka pamoja na plastiki. Katika asubuhi za Juni na Julai huku kwetu plastiki hukakamaa, ikikatika vipandevipande na kuacha gundi yote kwenye kioo, kwa hiyo subirini jua la mchana. Pasheni joto kwa draya ya nywele au kwa mvuke, anzeni kwenye kona ya juu, kisha vuteni taratibu huku joto likitangulia mbele ya mkono. Msimwage maji yanayochemka kwenye kioo chenye baridi, kwa kuwa kinaweza kupasuka hapohapo. Tandikeni taulo chini ya kioo ili maji yasiingie kwenye swichi za mlango.

Gundi inayobaki huondolewa kwa maji ya moto kiasi yenye sabuni na kikwangulio cha plastiki. Kwenye vioo vya milangoni, fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kutumia kiwembe kipya, kioo kikiwa kimelowa na kiwembe kikiwa kimelazwa. Kioo cha nyuma kisiguswe na kiwembe kabisa, wala na sufi ya chuma, kwa sababu ile mistari myembamba ya hita imechapwa juu ya uso wa ndani wa kioo, palepale tinti ilipobandikwa, na mstari ukikatika haupashi tena. Anayeishi Dar es Salaam anaweza asijali, lakini huku, kioo kinapojaa ukungu wa ndani asubuhi ya baridi, hita hiyo ndiyo inayomwezesha dereva kuona nyuma. Wapo pia wanaosafishia gundi kwa petroli au thina wakiwa wamejifungia ndani ya gari. Mvuke wake unalipuka na unalewesha, na amonia, kwa wanaoitumia kusafishia, nayo huchoma macho na mapafu, hivyo dawa hizo zisitumike katika gari lililofungwa.

Kwa mafundi wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, napendekeza tukubaliane kukataa kubandika tinti ya giza kwenye vioo vitatu vya mbele hata mteja akiongeza bei, na tumwandikie kila mteja kwenye risiti asilimia ya kioo chake baada ya kazi. Kikosi cha Usalama Barabarani nacho nakiomba kimpe mwenye gari muda wa siku chache wa kwenda karakana na kurudi kukaguliwa, badala ya kumkwangulisha njiani, na ukaguzi wenyewe uanze na magari yanayobeba wanafunzi. Kwa magari hayo ningependekeza vioo vyote viwe vyeupe, vya mbele na vya nyuma, ili mzazi, mwalimu na askari waone watoto wamekaa wangapi, wamekaaje na wako na nani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi wa vioo vya magari,
Mbeya