Fletcher ya kwenye gemu na Johnston ya kweli

Mhariri, habari za kazi. Naandika kuhusu ukurasa wenu wa magemu, pale mlipoielezea destroya (manowari ndogo yenye mbio) ya Fletcher kwenye gemu la vita vya meli, World of Warships. Mmetaja levo yake, mizinga mitano ya milimita 127, topedo kumi (makombora yanayopita majini) na moshi wa kuficha meli, basi mkaishia hapo, yaani kama vile meli yenyewe ilizaliwa kwenye kompyuta. Jamani, zilijengwa 175 kwelikweli na watu wamekufa ndani yake.

Chukueni moja tu, USS Johnston. Asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1944, karibu na kisiwa cha Samar huko Ufilipino, kikosi kidogo cha Wamarekani, manowari sita ndogo za kubeba ndege na visindikizi saba, kilivamiwa na manowari kubwa za Japani, Yamato ikiwemo na mizinga yake ya milimita 460. Nahodha wa Johnston, Ernest Evans, hakungoja amri, akageuza meli akawaendea Wajapani huku akimwaga moshi kuzificha zile za ndege, akasogea mpaka kama kilomita tisa hivi, akafyatua topedo zote kumi na moja ikampata Kumano, kruza (manowari kubwa kuliko destroya) ya Japani, ikamvunja pua. Baada ya hapo Johnston ikapigwa vibaya sana, injini moja ikafa, usukani ukakatika, Evans mwenyewe akapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, akahamia nyuma ya meli akawa anapaza sauti kupitia tundu la sakafuni kwa mabaharia waliokuwa chini wanazungusha usukani kwa mikono. Na bado wakapigana zaidi ya saa mbili kabla meli haijazama! Kati ya watu 327 walikufa 186, Evans akiwa mmojawapo.

Sasa kwenye gemu, ambalo mi nalicheza na nalipenda, topedo ukishazifyatua unasubiri kidogo zinajaa tena, wakati Johnston hakuwa na hata moja ya akiba. Usukani ukiharibika unabonyeza kitufe unaendelea na safari. Siwalaumu waliolitengeneza maana bila hivyo mechi isingechezeka, ila moshi wameupatia kabisa, unaficha hata wenzako. Tatizo ni vijana wengi wanaumwaga wajifiche wao tu, meli kubwa za timu yao zinachakazwa pembeni, halafu wanalalamika Fletcher ni dhaifu. Wangejua Evans aliumwaga moshi ule kumficha nani wangeicheza tofauti, naamini hivyo kabisa.

Kwa hiyo naomba kila mnapoandika meli ya gemu wekeni na historia yake, hata aya moja. Ya Johnston ipo ya kutosha, mabaki yake yalipigwa picha mwaka 2021 kwenye kina cha mita 6,460 hivi na namba 557 ubavuni bado inasomeka. Na wiki inayofuata wekeni Samuel B. Roberts, meli nyingine ya kikosi kile kile, ilikuwa ndogo kuliko Johnston, nayo ikawaendea wale wale na ikazama siku hiyo hiyo.

Msomaji wenu, Tanga