Hizo RNA si mabaki

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu seli niliisoma kwa raha hadi nilipofika pale mwandishi anapoziita RNA (molekuli zinazonakiliwa kutoka kwenye DNA) zisizotengeneza protini "mabaki yasiyo na kazi". Nafundisha baiolojia kidato cha tano, na kauli hiyo napambana nayo darasani kila mwaka.

Tutazame mitokondria tu. Tumezoea kuiita mtambo wa umeme wa seli, kana kwamba ikishawaka hakuna wa kuipangia. Lakini oksijeni ikipungua, tuseme ndani ya uvimbe wa saratani, seli huzalisha kwa wingi RNA fupi iitwayo miR-210 (miR ni kifupi cha microRNA, yaani RNA ndogo), yenye nyukliotidi 22, vipande vinavyounda RNA. Haitengenezi protini yoyote. Hunasa RNA ya ujumbe inayoagiza protini ya ISCU itengenezwe, ile inayosaidia kuunda vishada vya chuma na salfa. Mnyororo wa kupitisha elektroni ndani ya mitokondria, unaotumia oksijeni kuzalisha nishati, huvihitaji vishada hivyo; vikipungua, hulegea, oksijeni hutumika kidogo, na seli huegemea zaidi kuvunja sukari bila oksijeni. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wamkumbuke mama anayefunika makaa kwa majivu: jiko halizimiki, na mkaa haumaliziki.

Inayonishangaza zaidi ni miR-1 ya kwenye misuli. Nje ya mitokondria hunyamazisha ujumbe wa jeni, kama kawaida ya RNA za aina yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba msuli unapojijenga, RNA hiyo hiyo huingia ndani ya mitokondria na huko huchochea protini zitengenezwe. (Inapenyaje tando zote mbili za mitokondria? Wataalamu bado wanabishana.) Mitokondria ina DNA yake yenye jeni 37, na 13 kati ya hizo ndizo za protini. Kumbe hata hizo 13 zina msimamizi!

Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024 kwa kugundua hizi microRNA. Ya kwanza ilitangazwa mwaka 1993, ikiwa imepatikana kwa mnyoo wa urefu wa milimita moja hivi. Sidhani kama watoa tuzo wa kule Stockholm wanatuza mabaki.

Naomba msahihishe katika toleo lijalo. Wanafunzi wangu hukata makala zenu za sayansi na kuzibandika ukutani, na hii tayari wameshaibandika.

Mwalimu wa Baiolojia,
Morogoro