Brayo, kabla nitume pesa ya mota

Leipzig, Jumapili usiku

Brayo mdogo wangu,

Salamu kwanza, mimi niko mzima. Voisi noti yako nimesikiliza yote, hadi pale jogoo wa mama anawika nyuma yako nikajua umekaa tu hapo chini ya mwembe, hata hujafika Luanda ya hapo Vihiga kuangalia hiyo mota na macho yako. Sawa. Nimesikia posho mil imesimama, mota imeungua, mnataka elfu 35. Hiyo nitaifikia. Lakini ile sehemu ya pili, unaniambia ati pesa yangu si yangu ni ya jamii, ati kila mtu atoe kulingana na uwezo wake na kila mtu apewe kulingana na mahitaji yake, hapo umenigusa mahali, na venye kesho niko ofu nitakujibu vizuri hata kama itakuwa ndefu.

Kwani huko Maseno mnasomeshwa hii kitu nusu nusu? Hayo maneno ni ya Karl Marx, aliandika 1875, na hakusema ifanywe kesho asubuhi. Alisema ni ya mbele sana, vitu vikishakuwa vingi na watu wakishaipenda kazi yenyewe. Kabla ya hapo mtu anapata kulingana na kazi yake. Hata Warusi wa Stalin kwa katiba ya 1936 waliandika hivyo, kulingana na kazi, si mahitaji, na wakaweka hapo hapo kwamba asiyefanya kazi asile. Asile, Brayo. Sasa wewe unaamka saa nne likizo nzima, ungekula nini huko kwa hao watu wako? Na usifikirie walifika. 1961 Khrushchev, mkubwa wao baada ya Stalin, aliahidi Warusi kwamba kwa miaka 20 watakuwa ndani ya ukomunisti wenyewe, sasa 1980 ikafika, kilichokuja ni Olimpiki ya Moscow.

Wewe unasoma kwa kitabu, mimi nalala ndani yake. Hii Leipzig ilikuwa Ujerumani Mashariki, ya Wakomunisti kabisa, kutoka 1949 hadi 1990, na huu mtaa wangu wa Grünau ni wao walianza kuujenga 1976, ni maghorofa peke yake, ukuta unatoka fakitri ukiwa umekamilika na dirisha lake, krini inainua inapachika. Mimi niko ghorofa ya nne, lifti hakuna, lakini joto linapita kwa mabomba hadi bafuni, maji moto usiku na mchana, na balkoni iko. Mwambie mama ile picha si ya hoteli, ni kwangu, jina langu limeandikwa pale kwa kengele. Na kama Mama Vero bado anapita sokoni akisema niko huku naosha vyoo, mwambieni mtihani wa Kijerumani wa B2 nilipita, cheti cha nesi kamili kilitoka, na sai nikiingia zamu wasaidizi watatu wananingojea mimi niwaambie waanzie chumba gani, wawili wao Wajerumani. Baridi iko, kazi ya usiku iko, hiyo tuiwache.

Sasa hapo kazini kuna bibi mmoja nampenda sana, ana miaka 88, alifanya kazi maisha yake yote kwa kile kiwanda kikubwa cha kusokota pamba upande wa Plagwitz, ambacho leo kimejaa wachoraji na magalari. Nikimfunga bandeji ya mguu anaongea, na mimi nauliza. Huyo bibi ukimwambia ukomunisti ulikuwa mbaya tu, atakukatiza. Anasema alizaa watoto watatu na hakukosa mahali pa kuwaacha hata siku moja, shule ya chekechea iko, daktari yuko, hakuna mtu aliambiwa asirudi kazini kesho. Nyumba analipa pesa kidogo hata haisikiki kwa mshahara. Mkate mdogo ule wa asubuhi ulikuwa pfenigi 5 akiwa msichana na ulikuwa bado pfenigi 5 akiwa nyanya. Hayo si propaganda, hata walioichukia ile serikali hawabishani nayo.

Alafu ukimwacha aendelee. Mkate ulikuwa rahisi hadi watu wa mashambani walikuwa wanalisha nguruwe mkate, kwa sababu ulikuwa bei ya chini kuliko chakula ya nguruwe. Na kodi ya nyumba ilikuwa ya chini hadi haiwezi kununua hata vigae vya paa, kwa hivyo zile nyumba nzuri za zamani za Leipzig zikaanza kuanguka, mvua inaingia ghorofa ya juu wanahamia ya chini, ikiingia ya chini wanatafutiwa Grünau. Gari unaandikisha leo unangoja zaidi ya miaka kumi, hiyo Trabant yenyewe bodi yake si chuma, ni aina ya plastiki imechanganywa na pamba. Mtu alikuwa anauza Trabant kuukuu kwa bei kubwa kuliko mpya, kwa sababu ile kuukuu iko na hiyo mpya iko kwa foleni.

Na kahawa, Brayo! Bibi hapo ndio hukasirika hadi presha inapanda. Bei ya kahawa duniani ilipaa baada ya baridi kuua miti ya kahawa ya Brazil 1975, serikali haikuwa na dola, kwa hivyo 1977 wakawaletea watu kahawa ya kuchanganywa, nusu kahawa na nusu vitu kama njegere, rai na shayiri. Kwa mahoteli mashine za kahawa zikaziba, ule unga wa njegere ulikuwa unavimba ndani. Ethiopia nao wakatumiwa silaha ndio walete kahawa. Anasema walinyamazia mambo mengi lakini ile kahawa waliandika barua za malalamiko hadi ikaondolewa.

Sasa nisikize vizuri hapa, kwa sababu hii ndio maneno yangu na hiyo mota yenu. Nilipoinunua hiyo mashine tulisema kusaga gorogoro moja ni shilingi ngapi, mnakumbuka. Alafu anko Shem akaanza, huyu ni wa mlango wetu asilipe, yule ni wa kanisa asilipe, Senje ni shangazi yetu atalipaje, hadi mwaka jana nilipokuja Krismasi nikakaa pale asubuhi nzima na wanaolipa walikuwa watoto wawili wametumwa kutoka ng'ambo ya barabara. Chujio limetoboka, limeshonwa na waya. Belti imefungwa na mpira wa baiskeli. Tokeni za stima nani analipa? Mimi. Kila mtu anasema mashine ni yetu, na hiyo "yetu" ikiungua inageuka kuwa ya Lily. Wale Wajerumani walikuwa na nchi nzima ya kuendesha namna hiyo na walishindwa, sasa nyinyi na posho mil moja?

Najua utasema shida ni ulafi wa wakubwa, nadharia yenyewe haina makosa. Ulafi ulikuwepo, ndio. Wakubwa wa chama walikuwa na mtaa wao msituni karibu na Wandlitz, umezungushiwa ukuta, na duka lao lenye vitu vya Magharibi, na wanapita barabarani na Volvo mwananchi akiwa kwa foleni ya Trabant. (Anko Shem na ile gambuti mpya, sijasema kitu.) Lakini angalia Tanzania. Mzee Nyerere hakuiba, hata maadui zake hawasemi aliiba. 1967 akatangaza Azimio la Arusha, watu wakaambiwa waje vijijini kwa hiari, hawakuja haraka, basi kuanzia 1973 wakahamishwa kwa nguvu, mamilioni. Muulize mume wa Senje, si yeye ni wa Musoma, atakuambia vile watu walipelekwa mahali shamba iko mbali na nyumba na mahindi yakaliwa na nyani. Pia atakuambia mama yake alijifunza kusoma akiwa mtu mzima kwa sababu ya huyo huyo Nyerere. Yote mawili ni kweli. Kwa hivyo mtu mwaminifu peke yake hatoshi, kama chini hakuna mwenye anaweza kumwambia mzee hapa umekosea na akalala nyumbani kwake salama.

Hiyo ndio bibi anasema iliwamaliza, hata kuliko njaa ya kahawa. Watu wakaanza kutoroka, zaidi ya milioni mbili na nusu walikuwa wameenda Magharibi kufikia 1961, ndio serikali ikajenga ukuta Berlin. Kwa polisi wa siri 1989 kulikuwa na watu kama elfu 91 wameajiriwa, nchi ya watu milioni 16, na hao si pamoja na majirani waliokuwa wanapeleka habari. Mafaili yalifunguliwa 1992, bibi akaenda kusoma lake. Akapata ni shemeji yake, ndugu wa bwana, alikuwa anaandika hadi redio gani wanasikiliza jioni. Walikuwa wamekula naye Krismasi zote.

Na venye tumefika hapo, niambie, nani alimtumia anko Shem skrinshoti ya stetasi yangu, ile nimevaa koti jipya? Stetasi nilikuwa nimewafungia wote isipokuwa watu wanne. Koti sikukaa nalo hata jioni moja kabla anipigie ati paa la kanisa linavuja. Mimi sitaki kuanzisha uchunguzi, lakini mmoja wenu wanne anajua.

Mwisho wao unaujua. 9 Oktoba 1989 hapa hapa Leipzig watu kama elfu 70 waliingia barabarani baada ya maombi ya Jumatatu, askari wako tayari na bunduki, na hakuna aliyepiga risasi. Bibi alikuwepo. Nilimuuliza kama aliogopa, akasema alikuwa anafikiria viatu, alikuwa amevaa vibaya. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka. Alafu kiwanda chake cha pamba nacho kikafungwa miaka michache baadaye, wenzake karibu wote wakakosa kazi, na hapo pia analia. Ubepari haukuwaletea asali, usidhani nausifu.

Sijasema kugawana ni ubaya. Wewe mwenyewe ulizaliwa hospitali ya Russia pale Kisumu, unadhani iliitwa Russia kwa nini? Ni msaada wa Wasovieti, wakati wa Jaramogi na Mzee Kenyatta wakivutana. Siku ya kufunguliwa, 25 Oktoba 1969, watu walipigwa risasi, na kuka, babu yetu, alikuwepo, unajua hapendi iongelewe. Hospitali imebaki, mama zetu wamejifungua hapo. Na nesi mwenzangu hapa ni wa Kerala kule India, anasema kwao Wakomunisti walichaguliwa kwa kura 1957, serikali kuu ya Delhi ikawaondoa 1959, wakarudi tena kwa kura, wakashindwa, wakarudi, hivyo hivyo hadi juzi. Wamegawa mashamba kwa waliokuwa wapangaji, shule ziko, watu wanasoma kupita sehemu nyingi za India. Nikamuuliza tofauti ni nini, akacheka akasema wakizembea tunawatoa.

Na ile ya kuunganisha shamba zetu tatu kuwa moja, hapana, mwambie anko hapana. Wachina walijaribu na mamilioni walikufa njaa. 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang walikutana usiku, wakagawana shamba la komuni kwa siri, wakaweka alama ya vidole, na wakakubaliana yeyote akifungwa wenzake watalea watoto wake. Mwaka uliofuata mavuno yakapanda ajabu. Mpaka wa mama ubaki pale kuka aliuweka.

Kwa hivyo pesa iko, lakini iko hivi. Nitamtumia fundi wa Luanda mwenyewe kwa M-Pesa, si wewe na si anko, na anipigie video mota ikizunguka. Kila mtu analipa gorogoro, mama analipa, Senje analipa, mimi nikija nalipa. Kama kuna mjane kweli hana, aandikwe kwa kitabu tujue ni nani tumemsaidia. Kitabu kining'inizwe ukutani na msumari, mtoto yeyote asome. Ufunguo anko akae nao hadi Desemba, alafu tukikaa wote tunachagua. Akina mama wa chama cha mama wanafanya hivyo kila wiki, kitabu kinasomwa kwa sauti hata kama mwekahazina ni mke wa pasta, na hawajawahi kusikia habari ya Marx. Anko akikasirika, akasirike. Nyinyi ni damu, hata nikitaka kuruka ukuta nitaruka niende wapi?

Wiki jana nilipata mrenda, unaamini? Eisenbahnstraße kuna duka la Waarabu, iko kwa pakiti imegandishwa kabisa, wao wanaiita mulukhiya. Nikapika na magadi kidogo nilibakisha, ugali nikasonga wa unga wa dukani hauna harufu ya kitu. Nilikula nikiwa nimesimama hapo jikoni hadi nikamaliza sufuria. Omena ndio bado. Ukipata mtu anakuja, nitumie omena ya Dunga iliyokauka vizuri, funga mara mbili.

Mama ameze dawa ya presha hata kama anajisikia poa. Na yule msichana wa Senje mwenye ameanza Kijerumani pale Kisumu, mwambie asimpe ajenti hata shilingi ya visa kabla hajaniuliza, waajiri wengi wa huku wanagharamia wenyewe, na anitumie mkataba niusome kwanza, kurasa zote si ya mbele tu.

Dadako,
Lily