Kabla hujazijumlisha zile takwimu za forodha

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, wasiwasi ni kwako wewe na hayo majedwali uliyojitwisha. Ama baada ya salamu, unasema umepata takwimu rasmi za bidhaa zilizoingia Uingereza tangu mwisho wa karne ya 17, na unataka kuzinakili zote kwenye kompyuta kwanza, kufikiri baadaye. Nakusihi usifanye hivyo. Mimi yamenikuta.

Nilipokuwa nachora grafu ya Marekani, mstari wa bidhaa kutoka nje uliporomoka ghafla mwaka 1843. Nilifurahi kama aliyeokota lulu! Nikaandika kurasa nne kueleza sababu: mabenki, bei ya pamba, sheria ya ushuru ya 1842. Mzee mmoja aliyezeekea kazi hii akazisoma, akaniuliza swali moja tu: tanbihi umesoma? Hadi 1842 mwaka wa fedha wa Marekani uliishia Septemba 30. Kuanzia 1843 ukawa unaishia Juni 30. "Mwaka" wangu wa 1843 ulikuwa na miezi tisa. Miezi mitatu iliyokosekana nilikuwa nimeigeuza msiba wa uchumi.

Sasa tuje kwako. Ofisi ya Inspekta Mkuu wa bidhaa ziingiazo na zitokazo ilianzishwa Uingereza mwaka 1696, na makarani wake waliipa kila bidhaa bei yake ya rasmi. Bei hizo zikaganda. Soko likapanda, likashuka, vita vikaja na kuondoka, lakini karani wa karne ya 19 bado alizidisha uzito wa shehena kwa bei za enzi za mababu zake. Kwa bidhaa ziingiazo, thamani zilizokadiriwa kwa bei halisi zilianza 1854 tu. Kwa hiyo ukiona "thamani rasmi" ya pamba imeongezeka maradufu, usiseme nchi imelipa maradufu. Huenda bei imeshuka nusu na malipo yakabaki palepale. Ulichonacho ni kipimo cha wingi kilichovikwa kanzu ya pauni. Kwa wingi, mimi nakiamini kuliko watu wengi wanavyokiamini, kwa kuwa hakiyumbi na bei. Kwa urari wa biashara, yaani tofauti ya thamani ya vilivyouzwa nje na vilivyonunuliwa nje, hakifai kitu.

Chai ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kabla ya 1784 ushuru wake ulikuwa kama asilimia 119, na pwani nzima iliishi kwa magendo. Mwaka huo serikali ya Waziri Mkuu William Pitt ikaushusha hadi asilimia 12.5, na chai iliyoandikwa forodhani ikaruka zaidi ya maradufu kwa muda mfupi. Je, Waingereza walianza kunywa chai mara mbili kwa usiku mmoja? Hasha. Chai iliyokuwa ikipita gizani ilianza kupita mlangoni. Ndiyo maana kila ninapoona mruko mkubwa, nautafuta kwanza kwenye sheria za ushuru, halafu ndipo niende kwenye vinywa vya watu. Vitabu hivi vilitokana na kazi ya mtoza ushuru, na yeye aliandika kilichopita mbele yake.

Jihadhari pia na safu ya nchi. Hadi 1904 Waingereza waliandika nchi ya bandari ambako mzigo ulipakiwa. Uswisi haina bahari, basi bidhaa zake zikajificha ndani ya Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Ukitaka kuandika sura nzima kuhusu biashara ya Uholanzi, fikiri tena.

Na "Uingereza" yenyewe hubadilika umbo. Uskoti haimo kabla ya 1755. Biashara na Ireland iliandikwa kama ya nje, ikaacha kuandikwa karibu yote baada ya 1825, kisha sehemu kubwa ya kisiwa hicho ikarudi kwenye vitabu kama nchi ya nje mwaka 1923. Ukiunganisha mstari bila kusema hayo, msomaji atadhani ni biashara iliyocheza, kumbe ni mpaka. Mwaka 1813 utaukuta mtupu: jengo la forodha la London liliungua Februari 1814, na hesabu zikaungua nalo. Usilizibe pengo hilo kwa wastani wa miaka jirani, tafadhali. Liache wazi.

Tumbaku na kahawa zitakudanganya kwa njia nyingine, kwa sababu mzigo mwingi uliingia bandarini ili uuzwe tena nje. Katika karne ya 18 sehemu kubwa zaidi ya tumbaku ilikuwa mpita njia tu. Ukitaka kujua nchi ilivuta kiasi gani, toa kwanza kilichotoka.

Nina ombi. Kabla hujaanza kunakili, nipigie picha kurasa za mwanzo za kila juzuu, zile za maelezo ambazo watu huziruka, pamoja na tanbihi zote za miaka ya 1850 hadi 1855, maana hapo ndipo mshono ulipo kati ya bei za kale na bei halisi. Nitumie hata kama picha zina ukungu. Nimeshazizoea herufi zao.

Wako wa daima.