Mashine ya msasa isinunuliwe kabla ya randa

Mhariri,

Maseremala wenzangu wa Bagamoyo wanaofanyia kazi nyumbani wameanza kuulizia mashine ya msasa yenye rola, ile inayopitishiwa ubao ukatoka umesawazishwa. Kwa anayetengeneza milango kwa mninga wenye nyuzi zilizopindana, ambazo randa huzinyofoa, naiona inafaa sana. Lakini asiye na randa ya umeme namsihi aanze na hiyo randa, kwa sababu msasa huondoa unene mdogo mno kila ubao unapopita, na ukilazimishwa huunguza mti. Zaidi ya yote, mtu asinunue mashine hiyo ya msasa bila mashine ya kufyonza vumbi: vumbi la mbao husababisha saratani ya pua, na karakana zetu nyingi zipo uani, wanamocheza watoto.

Seremala,
Bagamoyo